Nyoka Ugenini na Unyevu wa Hewa

Ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukaifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, baada ya mwendo wa kilomita chache utafika mahali paitwapo Adams Arcade. Ni safu ya maduka yaliyojengwa katika miaka ya 1950, nayo yalipewa jina la mfanyabiashara aliyeyajenga, Abdul Habib Adam. Watu wengi hupita hapo kila siku, mwenye kununua akanunua na mwenye kungoja matatu akangoja. Lakini ni wachache wasimamao wakaiangalia hewa. Hewa haionekani, utasema, basi itaangaliwaje? Naam, haionekani, walakini hujulikana kwa kazi yake. Asubuhi ya mwezi wa Julai ukungu hutanda juu ya barabara ile, na nguo zilizofuliwa jana hubaki mbichi kambani. Mchana wa mwezi wa Februari, mahali pale pale, nguo hukauka mara moja, midomo hupasuka, na ngozi ya mikono huparara. Mji ni ule ule, ulioinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kilichobadilika ni joto na kiasi cha mvuke wa maji uliomo hewani. Na mvuke huo ndio tuuitao unyevu wa hewa.

Sisi wanadamu tunazo dawa za mabadiliko hayo: maji ya kunywa, mafuta ya kujipaka, blanketi na dirisha. Kiumbe wa mwituni naye anayo dawa yake: huhama. Hewa ikiwa kavu juu ya ardhi, huingia shimoni. Ikiwa nzito shimoni, hupanda mtini. Lakini kiumbe aliyefungiwa katika sanduku la kioo hawezi kuhama. Hewa aliyopewa na mfungaji wake ndiyo hewa yake, iwe njema, iwe mbaya. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi watu walivyojifunza, polepole na kwa hasara ya roho nyingi, kwamba nyoka aliyefungwa huhitaji kupewa hewa ya kwao kama vile ahitajivyo kupewa chakula.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu afichaye kosa lake humnyima mwanafunzi nusu ya somo. Nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nilifundisha katika skuli moja isiyokuwa mbali na Adams Arcade. Siku moja vijana waliniletea ndooni nyoka mdogo wa rangi ya kahawia, waliyemkuta ghalani penye kuni. Alikuwa wa jamii ile ipendayo kukaa karibu na nyumba kwa kuwinda panya, wala hana sumu. Nilifurahi kupata kitu cha kufundishia. Nikamtia katika sanduku la kioo, nikamwekea mchanga mkavu na kisahani cha maji. Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa baridi, nikamwashia taa ya umeme juu ya kichwa chake usiku na mchana. Nilidhani nimemtendea hisani. Baada ya majuma machache macho yake yalifanya ukungu wa kibuluu, kisha ngozi yake ikaanza kutoka vipande vipande, kama rangi ya ukuta uliopigwa jua. Macho hayakutakata. Alikataa kula. Vijana waliniuliza, "Mwalimu, ana nini?" Nami sikuwa na jibu.

Jibu hilo, msomaji, lilikuwapo duniani siku nyingi. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijalitafuta. Twende basi tukalitafute pamoja katika historia.

Kumfunga nyoka si jambo la jana. Mwanahistoria wa Kigiriki, Diodorus, alisimulia kwamba katika enzi ya mfalme Ptolemaio wa pili wa Misri, aliyetawala katika karne ya tatu kabla ya Kristo, wawindaji walimkamata nyoka mkubwa katika nchi za kusini mwa Misri, wakampeleka Aleksandria kwa mfalme aliyependa wanyama wa ajabu. Anatuambia urefu wake, dhiraa 30, na jinsi watu walivyouawa katika kumkamata. Urefu huo huenda uliongezwa chumvi, kama ilivyo desturi ya habari za nyoka. Lakini angalia jambo moja: msimulizi anaeleza jinsi mnyama alivyodhoofishwa kwa njaa hata akatulia, asiseme neno juu ya hewa aliyowekwa. Kwa watu wa zamani, nyoka alikuwa ajabu ya kutazamwa. Maisha yake hayakuwa swali.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki palikuwa na elimu nyingine. Miongoni mwa Wasukuma, kusini mwa ziwa kubwa, kilikuwako chama kiitwacho Buyeye. Wafuasi wake walijulikana kwa kukamata nyoka, kucheza nao ngomani mbele ya watu, na kuzijua dawa za kutibu walioumwa. Elimu hiyo ilirithiwa kwa kiapo na kwa siri. Watu hawa hawakuwa na haja ya kuuliza habari za unyevu, kwa sababu nyoka wao hakuwa mgeni: alikamatwa katika nchi ile ile ambamo alichezeshwa, akavuta hewa ile ile aliyozaliwa nayo. Swali la unyevu huzaliwa siku nyoka anapofungwa safari. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo swali linavyokuwa kali.

Safari hizo zilizidi katika karne ya kumi na tisa, meli zilipokwenda mbio zaidi na mataifa ya Ulaya yalipozieneza himaya zao. Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya wanyama watambaao, ya kwanza ya namna yake duniani. Nyoka walitoka katika nchi za joto wakaletwa katika mji wa baridi na moshi. Ilionekana wazi kwamba wasipopashwa joto watakufa; kwa hiyo walipashwa joto. Lakini joto ni nusu tu ya habari, na nusu iliyobaki ilichelewa kueleweka. Ili nawe uielewe, sharti tuache historia kidogo tuingie katika sayansi.

Fikiri kwamba hewa ni kibuyu cha kuchotea maji, nacho kibuyu hiki kina ajabu: kikipata joto hupanuka, kikipata baridi hunywea. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 15 za Sentigredi haiwezi kuchukua mvuke zaidi ya gramu 13 hivi. Hewa kiasi hicho hicho ikifikia nyuzi 30 yaweza kuchukua gramu 30. Tunaposema unyevu wa hewa ni asilimia 80, maana yake ni kwamba kibuyu kimejaa sehemu 80 katika kila mia. Sasa chukua hewa ya usiku wa Julai karibu na Adams Arcade, yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 80. Ndani yake mna gramu 10 hivi za mvuke. Iingize hewa hiyo katika sanduku, uipashe joto kwa taa mpaka ifike nyuzi 30, wala usiongeze maji. Mvuke ni gramu zile zile 10, lakini kibuyu sasa ni cha gramu 30. Unyevu uliokuwa asilimia 80 umeshuka ukawa theluthi moja tu. Nje ya dirisha umande unadondoka katika majani. Ndani ya sanduku mna ukavu wa jangwa, nao umeletwa na mkono wa yule aliyedhani anatenda wema. Hili ndilo lililompata nyoka wangu.

Watu wa kale walizijua dalili za unyevu bila ya hesabu hizi. Mpiga ngoma wa pwani ajua kwamba ngozi ya ngoma yake hulegea hewa inapokuwa na maji, ndiyo maana huipasha moto kabla ya kuipiga. Mpishi wa Mombasa ajua kwamba chumvi iliyoachwa wazi hulowa yenyewe. Mwaka 1783 mtaalamu wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, aliigeuza elimu ya namna hiyo kuwa kipimo. Aligundua kwamba unywele wa mwanadamu hurefuka hewa inapokuwa nyevu na hufupika inapokuwa kavu. Akaufunga unywele katika chombo chenye mshale, na mshale ukasema kiasi cha unyevu. Skulini kwenu huenda mkawa na kipimo cha namna nyingine katika sanduku jeupe la hali ya hewa: vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichovishwa kitambaa kibichi. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa hukauka upesi na kipimajoto hicho hupoa. Tofauti baina ya hivyo viwili ndiyo iufunuayo unyevu. Kwa hiyo kipimo kilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: je, nyoka naye ana haja gani na kipimo hiki?

Haja yake imo katika ngozi yake. Watu wengi wasiowahi kumgusa nyoka hudhani ni kiumbe wa majimaji na utelezi kama kambare. Sivyo. Ngozi yake ni kavu na laini, nayo imetengenezwa ili kuyazuia maji ya mwili yasipotee. Lakini gamba la juu halikui pamoja na mwili. Kwa hiyo baada ya muda sharti livuliwe. Lugha yetu yalijua jambo hili tangu zamani, na mwaka 2011 maneno "kujivua gamba" yalivuma sana katika siasa za Tanzania, kila mtu akiyafahamu bila ya kufundishwa. Walakini wangapi kati yetu wajuao kwamba nyoka hujivua gamba kwa maji? Gamba jipya likiisha kufanyika chini ya lile kuukuu, umajimaji mwembamba huingia kati ya hayo mawili ili kuyatenganisha. Wakati huo macho hufanya ukungu wa kibuluu, kwa sababu jicho la nyoka halina kope, bali limefunikwa na gamba angavu ambalo nalo huvuliwa. Baada ya siku kadhaa macho hutakata tena. Kisha nyoka hujisugua pua juu ya jiwe au gogo, hulipasua gamba mdomoni, akatoka ndani yake kama mguu utokavyo katika soksi, na soksi ikabaki imepinduliwa.

Ikiwa hewa ni kavu kupita kiasi, au nyoka mwenyewe amepungukiwa na maji mwilini, kazi hiyo huharibika. Gamba kuukuu hukauka kabla ya kuachana na jipya. Hutoka vipande, na vingine hubaki vimegandamana. Kipande kilichobaki mkiani huweza kukaza kama pete ndogo hata damu isipite, na ncha ya mkia ikafa. Kipande kilichobaki juu ya jicho hulifunika jicho kama kioo chenye vumbi. Mtu asiyejua akijaribu kukibandua kwa ukucha, aweza kuling'oa na gamba jipya pamoja nalo, na jicho likaharibika lisipone.

Basi, utasema, dawa ni nyepesi: tumwagie maji. Hapo ndipo lilipo shimo la pili, na waliotumbukia humo si haba. Nyoka aliyelazwa juu ya sakafu ibichi, katika sanduku lisilopitisha hewa, hutokwa na malengelenge ya tumbo. Magamba huoza, na vijidudu huingia mwilini. Wengine hupatwa na maradhi ya mapafu, wakahema kwa shida midomo ikiwa wazi. Kumbe ukavu huua na ubichi huua. Unyevu wa hewa ni jambo moja, na kulala majini ni jambo jingine. Nyoka huhitaji mvuke katika hewa inayopita, maji safi ya kunywa, mahali pakavu pa kulala, na pembe moja yenye ubichi, kama vile sanduku dogo lenye kuvumwani kibichi, ambamo ataingia mwenyewe akihisi wakati wa kujivua umefika.

Neno hili, "ataingia mwenyewe", ni zito katika historia yetu. Miongoni mwa walioiongoza kazi ya kuwatunza nyoka kwa akili mpya alikuwa mwanamke Mwingereza, Joan Procter, aliyezaliwa mwaka 1897. Alikuwa mgonjwa tangu ujana wake, akafa mwaka 1931 kabla ya kutimiza miaka 35. Lakini katika maisha hayo mafupi aliichora nyumba mpya ya wanyama watambaao ya London, iliyofunguliwa mwaka 1927. Badala ya kutegemea joto la namna moja kwa nyumba nzima, nyumba yake ilitumia umeme kuvipa vyumba joto la namna mbalimbali. Fikra iliyomo humo ni kubwa kuliko waya na taa. Ni fikra kwamba mfungwa apewe nafasi ya kuchagua, na kwamba kila jinsi ina hali yake.

Turudi sasa Nairobi. Mwaka 1910 chama cha wapenda elimu ya viumbe wa Afrika ya Mashariki na Uganda kilianzisha makumbusho katika mji huu, uliokuwa bado mchanga. Mwaka 1914 alikuja kuyasimamia kijana Arthur Loveridge, ambaye baadaye alihamia chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, akawa bingwa mkubwa wa nyoka na mijusi ya nchi zetu. Mwaka 1930 ilifunguliwa nyumba mpya ya makumbusho juu ya kilima, ikaitwa Coryndon. Baada ya uhuru ikawa Makumbusho ya Taifa. Lakini nyoka wa makumbusho walikuwa wafu katika chupa, na maiti haombi hewa. Mwaka 1961, katika zama za Louis Leakey, palifunguliwa kando ya makumbusho hayo bustani ya nyoka walio hai, ili watu waje kuwatazama na kujifunza kuwabagua wenye sumu na wasio na sumu.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana kuwakusanya nyoka wa Afrika ya Mashariki mahali pamoja ni kuzikusanya hewa za nchi nyingi chini ya paa moja. Mkumbuke bwana nyama wa Liwale katika Tanganyika, C. J. P. Ionides, ambaye alikamata maelfu ya nyoka mpaka alipokufa mwaka 1968. Huko Newala alikamata kwa mikono yake wale nyoka wa kijani wakaao miembeni na mikoroshoni, ambao Wazungu huwaita mamba kwa neno la Kizulu. Sisi Waswahili mamba wetu ni yule wa mtoni. Nyoka hao ni wa pwani na nchi zilizo karibu nayo, kwenye hewa iliyojaa mvuke wa bahari. Yuko pia yule jamaa wa kifutu akaaye katika misitu kama ya Kakamega, ambaye mabaka ya ngozi yake hufanana na majani yaliyoanguka. Kwao hunyesha kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tena yuko nyoka mfupi mnene wa mchangani, wa nchi kavu za kaskazini ya Kenya, akaaye chini ya mchanga siku nzima ambako milimita 300 ni neema. Waweke watatu hawa katika Nairobi, mji usio wa yeyote kati yao. Hewa impendezayo mmoja humdhuru mwenziwe. Mtunzaji asiyetambua hayo hutoa hukumu moja kwa mashauri matatu.

Miongoni mwa walioiongoza bustani ile katika miaka ya 1960 alikuwa James Ashe. Mwaka 1968 aliandika habari za nyoka asiyejulikana na wataalamu hapo kabla, mdogo, mweusi mwenye madoa ya manjano, aliyepatikana katika msitu wa Chuka kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Akampa jina la kijana Mmarekani aliyemgundua, DeSaix. Nyoka huyu wa mitini ni somo jema kwetu. Nyoka wengi wa mitini hawana mazoea ya kushuka kutafuta kisahani cha maji. Mvua inyeshapo au ukungu ushukapo, matone hutua juu ya majani na juu ya magamba yao, nao huyanywa hapo hapo. Nyoka wa namna hiyo aweza kufa kwa kiu huku kisahani kikiwa kimejaa chini yake. Ampaye maji bila ya kujua desturi yake hajampa kitu. Sharti anyunyiziwe kama ukungu wa kwao.

Mwaka 1980 Ashe pamoja na mkewe walianzisha kituo cha nyoka huko Watamu, katika pwani ya Kenya. Kituo hicho kilijulikana kwa utafiti na kwa kuwasaidia watu walioumwa na nyoka. Fikiri tofauti ya kazi hizo mbili. Kule Nairobi, juu ya kilima, mtunzaji wa nyoka wa pwani hupigana na baridi ya usiku na ukavu wa Februari. Huko Watamu pepo za bahari humfanyia nusu ya kazi bila malipo. Lakini huko nako, mtunzaji wa nyoka wa nchi kavu hana budi kupigana na ubichi. Hakuna mahali panapomfaa kila mgeni. Ashe alikufa mwaka 2004, na mwaka 2007 wataalamu walimpa jina lake swila mkubwa wa pwani na nchi kavu za Kenya, atemaye mate ya sumu, mkubwa kuliko swila wote watemao mate duniani.

Sasa nikuambie habari za nyoka aliyeitikisa Kenya nzima. Katika Nyakach, karibu na Ziwa Viktoria, Wajaluo wanayo mapokeo ya chatu mkubwa aitwaye Omieri. Kuonekana kwake ni dalili ya mvua na mavuno. Ndiyo maana humwacha apite, humlinda, wala hawapendi aguswe. Mwaka 1987 chatu mmoja aliyepokewa kwa jina hilo aliungua kwa moto vichakani. Akaletwa Nairobi ili atibiwe, na watu katika nchi yote wakaifuata habari yake magazetini, wengine wakidai arudishwe kwao. Akafa mwaka ule ule. Moto ndio uliomwua, wala siwezi kumlaumu aliyejaribu kumponya. Mwaka 2003 chatu mwingine alitokea katika sehemu zile zile, akapokewa kwa jina lile lile la Omieri, na mabishano yakazuka tena kama ahamishwe au aachwe.

Usiyacheke mapokeo haya kwa haraka, msomaji. Mzee wa Nyakach asemapo kwamba chatu na mvua ni ndugu, hasemi kwa lugha ya gramu na nyuzi. Lakini amekiona kitu ambacho mimi, mwenye cheti cha ualimu, sikukiona. Ameona kwamba nyoka hawezi kutengwa na maji ya hewa ya nchi yake. Chatu hupenda kukaa karibu na maji, na hujilaza majini siku nyingi. Elimu ya mapokeo ilianza mahali ambapo elimu ya masanduku ya kioo ilifika baadaye sana.

Namalizia habari ya nyoka wangu. Nilimwendea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kutunza nyoka kwa miaka mingi, nikampelekea sanduku. Alilitazama, akanyosha mkono akazima taa kabla ya kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ungelala hapa?" Akatwaa kitambaa, akakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akakikamua, akamviringishia nyoka, akamtia katika mfuko wa nguo kwa muda. Nyoka alipojipenyeza kutoka katika kitambaa, aliacha humo karibu gamba lote lililobaki. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilikuwa limeharibika, maana siku mbili kabla yake nilikuwa nimejaribu kulisafisha kwa ukucha wangu. Mzee hakunikemea. Aliniambia tu kwamba hata ruhusa ya kumweka sikuwa nayo, na alisema kweli. Kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, mtu hawezi kumfunga mnyama wa mwituni bila ya kibali. Nyoka yule alibaki kwa wenye kibali, kwa sababu chongo hangeweza kuwinda vizuri. Mimi nilirudi skulini na sanduku tupu, nikawaeleza vijana kisa chote, pamoja na habari ya ukucha.

Basi, kijana usomaye, huenda usipate kumfuga nyoka maisha yako yote, nami sikushauri umfuge. Ukimwona, mwache aende zake, na umwite ajuaye. Lakini utapewa siku moja ulinzi wa kiumbe asiyeweza kuhama: kuku katika tundu, mche katika kopo, mgonjwa kitandani, mtoto darasani. Siku hiyo usimpe kile ambacho wewe ungekipenda, ukajiita mwema. Uliza kwanza kwao ni wapi, na hewa ya huko ikoje. Kisha pima, wala usikisie. Sanduku langu lilikuwa na taa, na mchanga, na maji, na nia njema; lilikosa kipimo cha hewa, na kwa kosa hilo nyoka alipoteza jicho.